Mpenzi, Wewe Si Elektroni!

"Tupo na hatupo." Hilo ndilo jibu nililopewa na mchumba wangu Ijumaa moja, tunakula chipsi mayai Kinondoni, nilipomuuliza kwa mara ya tatu lini kwao wataleta posa. Mwenzangu ni mhandisi, maneno anayo. Akasema uhusiano wetu ni kama paka wa Schrödinger: kafungiwa ndani ya sanduku, yu hai na amekufa kwa wakati mmoja, mpaka mtu afungue kifuniko. "Ukiulizauliza, mpenzi, ndiyo unaharibu."

Usinicheke msomaji, nilinyamaza. Nani anabishana na fizikia? Kesho yake nikambana binamu yangu anayefundisha somo hilo sekondari.

Kumbe paka mwenyewe hakuwahi kuwepo! Erwin Schrödinger, Mwaustria, alimbuni mwaka 1935 kuonyesha kioja: elektroni kuwa katika hali mbili kwa pamoja, sawa, lakini paka mzima?

Kilichonifungua macho ni mambo ya Vienna. Mwaka 1999 wanasayansi wa huko walirusha molekuli za atomu 60 za kaboni kwenye wavu wenye matundu membamba mno, na kila molekuli ikawa kama imepita njia zaidi ya moja kwa mpigo. Mwaka 2003 wakaingiza gesi kidogo kwenye chombo walichokuwa wamekiondoa hewa. Alama za mchezo ule zikaanza kufifia. Mwaka 2004 wakazipasha molekuli moto kwa leza, zikatoa mnururisho wa joto lao wenyewe, alama zikafifia tena. Na hakuna mtu aliyechungulia! Chembe ya gesi ikigonga tu, habari ya "nimepita huku" imeshavuja.

Sasa huyo paka anapumua, ana joto, na hewa ya ndani ya sanduku inamgonga kila upande. Hata kifuniko kisipoguswa, siri imeshatoka zamani.

Binamu hakutaka nishangilie mapema. Kanuni hazikatazi kitu kikubwa, alisema, ila kikubwa hakijui kutunza siri. Mwaka 2019 Vienna walifikia molekuli za atomu karibu 2,000. Mwaka 2023, Zurich, kipande cha kristali cha mikrogramu 16 kilitetemeshwa katika hali mbili zinazopingana kwa pamoja, tena kwenye baridi ya kutisha. Mpaka haujajulikana uko wapi.

Lakini mchumba wangu ana kilo 82 na joto la nyuzi 37.

Jumapili nikampigia. "Si swali langu linaloharibu," nikamwambia. "Jibu limo humo sandukuni siku nyingi, na wewe unalijua." Kimya. Nikadhani vocha imekwisha.

"Basi ngoja niongee na baba mdogo," akasema, "atafute mshenga."

Nimempa mpaka mwisho wa mwezi.