Gharama ya Kiharusi Haianzii Hospitalini

Hesabu ya gharama za kiharusi na maradhi ya moyo nchini Tanzania huanzia, kwa kawaida, kwenye ankara ya hospitali, ilhali deni lenyewe hulimbikizwa miaka mingi kabla mgonjwa hajalazwa na huendelea kulipwa muda mrefu baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Chanzo chake kikuu ni shinikizo la juu la damu, ambalo watu huliita presha kwa ufupi, yaani hali ya damu kuzisukuma kuta za mishipa kwa nguvu iliyopita kiasi. Na kwa kuwa hali hiyo haiumi wala haimzuii mtu kwenda shambani au sokoni, wengi huishi nayo bila kuijua mpaka siku mshipa unapoziba au kupasuka.

Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na kuvuja, sehemu ya ubongo hukosa hewa ya oksijeni na kuanza kufa, na hilo ndilo liitwalo kiharusi. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikishasawazishwa, kiharusi kipya kiliwapata watu 108 hivi katika kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na zaidi ya 300 jijini, kiwango kilichozidi kile cha nchi nyingi tajiri. Dawa ya kuyeyusha bonge inapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Hivyo mgonjwa anayesafirishwa siku nzima kuifuata mashine hiyo, au ambaye ndugu zake walianzia kwa mganga kwa kudhani amepigwa na upepo mbaya, hufika wakati kilichobaki ni uuguzi na mazoezi ya viungo.

Kwa upande wa moyo, taifa limepiga hatua kubwa. Kabla Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete haijaanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji walipelekwa India kwa fedha za Serikali, na wale wasiopata nafasi hiyo walibaki na dua. Leo upasuaji wa kufungua kifua hufanyika Dar es Salaam. Hata hivyo, kupungua kwa gharama ya Serikali si lazima kuwe kupungua kwa gharama ya kaya: familia inayotoka Kigoma hulipa nauli, hutafuta pa kulala mjini, hufunga biashara kwa wiki kadhaa, na mgonjwa aliyewekewa vali bandia ya madini hurudi kijijini akiwa na dawa ya kuzuia damu kuganda atakayoinywa maisha yake yote, pamoja na kipimo cha damu ambacho zahanati ya jirani haina. Inasikitisha zaidi kwamba vali nyingi za vijana huharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ambayo penisilini ingeyatibu kwa bei ndogo mno.

Sehemu isiyoandikwa katika ankara yoyote ni ile ya nyumbani. Aliyepooza upande mmoja huhitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha na kumpeleka kwenye mazoezi, na mtu huyo, ambaye mara nyingi ni mke au binti, huacha genge lake au masomo yake, hivyo kaya hupoteza vipato viwili kwa ugonjwa wa mtu mmoja. Wataalamu wa uchumi wa afya huyaita matumizi ya maangamizi yale yanayomeza zaidi ya asilimia 10 ya bajeti ya kaya. Kijijini jambo hilohilo huonekana katika ng'ombe aliyeuzwa na katika michango ya ukoo, ambayo huwa mingi wiki ya kwanza na kukauka kabla ya mwezi wa tatu.

Bima ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, lakini huduma zake ziliishia katika hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani pale hasa ambapo matibabu ya kibingwa ya moyo huanzia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imefungua nafasi ya kuyapanga upya mambo haya, ingawa kishawishi cha kuanzia juu, kwenye mashine na vyumba vya wagonjwa mahututi, ni kikubwa kwa sababu majengo huonekana na kidonge hakionekani. Wanaopanga kitita cha huduma hizo waanzie kwenye zahanati: presha ipimwe kwa kila mtu mzima anayeingia, hata aliyekuja kwa ajili ya malaria, na dawa zake zipatikane kila mwezi bila mgonjwa kutoa fedha dirishani.