Gari umenunua Mombasa, simu unayo Kericho: vinaelewana vipi?

Chai hushuka, magari hupanda. Ndivyo biashara yetu ya Pwani na watu wa Kericho na Bomet ilivyokaa tangu mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969. Majani huchumwa kule, hukaushwa viwandani Litein, Momul, Kapkatet na kwingineko, kisha huletwa kuuzwa huku kwetu. Bonasi ya mwaka ikishalipwa, kwa kawaida kuelekea mwezi wa Oktoba, wenye mashamba wengine hushuka wenyewe mpaka kwenye yadi za Mombasa kutafuta gari lililotumika Japan.

Siku hizi baadhi yao huulizia gari la aina ya haibridi ya kuchomeka, hasa Mitsubishi Outlander PHEV. Hili lilianza kuuzwa Japan Januari 2013. Lina injini ya petroli, lina mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na lina betri kubwa unayoweza kuichaji kutoka soketi ya ukutani. Betri ya matoleo ya mwanzo ni ya kilowati-saa 12, na mwaka 2018 likaja toleo la 13.8. Kwa safari fupi linakwenda kwa umeme mtupu, na betri ikiisha, petroli inashika usukani. Mtu wa Litein anayekwenda Kericho mjini asubuhi anaweza kufika bila injini kunguruma, kama hakukanyaga mafuta kwa pupa milimani.

Kinachowavuta zaidi, hasa vijana, ni programu ya simu. Hapo ndipo mambo yanapopinda.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa upande wa Litein, alinipigia akiwa na malalamiko. "Ustadh," akaniambia, "yule kijana wa yadi alinihakikishia nitaliamuru gari nikiwa popote. Mbona nikifika tu sokoni simu hailioni tena?" Nikamjibu, "Mwalimu, kijana hakukudanganya kwamba programu ipo. Amekuficha tu kwamba haifiki mbali."

Programu nyingi za magari hufanya kazi hivi: ndani ya gari mna laini ya simu, kama ile iliyo kwenye simu yako. Ukibonyeza amri, inakwenda kwanza kwenye mitambo ya kampuni ya gari, nayo kampuni inaituma kwa gari kupitia mtandao wa simu. Kwa njia hiyo unaweza kuwa Muscat na gari liko Bomet. Outlander hizi za mwanzo hazikujengwa hivyo. Gari lenyewe linatoa waifai yake, sawasawa na kile kisanduku cha intaneti cha nyumbani, na simu yako lazima iungane na waifai hiyo moja kwa moja. Hakuna kampuni katikati, hakuna laini. Kwa hiyo umbali wako ni umbali wa waifai: uani, sebuleni, pengine chumba cha kulala kama dirisha linatazama lilipo gari. Nyumba ya mawe yenye kuta nene itakupunguzia hata huo.

Kuna kero nyingine inayotokana na hilo. Simu ikiungana na waifai ya gari, inagundua kwamba hakuna intaneti pale. Simu nyingi za Android hukasirika na kurudi zenyewe kwenye data, na programu inakwambia gari halipatikani. Dawa yake ni kuzima data kwanza, kisha kuungana na gari na kufungua programu. Kwa dakika hizo WhatsApp italala. Simu za kawaida na ujumbe wa M-Pesa vitaingia kama kawaida.

Sasa, ukishaungana, unapata nini? Unaona betri imebaki kiasi gani na kama milango imefungwa. Unawasha taa za mbele ukilitafuta gari gizani. Unapanga saa ya kuanza na kumaliza kuchaji. Na, kwa mtu wa nchi ya chai hili ndilo lenye faida kubwa, unawasha hewa ya ndani kabla hujatoka. Sisi huku Mombasa tungeitumia kupoza. Kericho iko juu, takriban mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na alfajiri yake si ya mtu aliyezoea shuka moja. Kioo huwa na ukungu ndani na umande nje. Ukipanga hita ianze dakika 20 kabla ya safari, unaingia kwenye gari lenye kioo safi, hukai pale ukifuta kwa kiganja huku watoto wanachelewa shule.

Lakini angalia mambo mawili. Si kila Outlander iliyotoka Japan ina hita ya umeme. Zile zisizo nayo hupata joto kutoka kwenye injini, kwa hiyo programu haitakupashia gari likiwa limezimwa. La pili, hita inakula. Kama gari limechomekwa ukutani, umeme mwingi unatoka kwa Kenya Power. Kama halikuchomekwa, joto hilo unalitoa kwenye kilomita zako, na hutaliona mpaka injini iamke mapema njiani.

Mambo ambayo programu hii haifanyi pia yasemwe, kwa sababu yadi huwa zina maneno matamu. Haifungui milango. Haiwashi gari likaondoka. Haikuonyeshi gari liko wapi likiibwa. Anayetaka hilo la mwisho afunge kifaa cha kufuatilia gari, kama wenye matatu wanavyofanya.

Ule mpango wa saa za kuchaji nao unahitaji maelezo ya kikwetu. Katika nchi ambazo umeme wa usiku wa manane ni nafuu kwa kila nyumba, mtu hulala na gari likasubiri bei ishuke. Kwetu, mita ya nyumbani haitofautishi mchana na usiku. Inatofautisha kiasi: anayetumia mpaka yuniti 30 kwa mwezi ana bei yake, mpaka 100 bei nyingine, ukivuka 100 kwa mwezi unapanda daraja la juu. Kuchaji betri ya kilowati-saa 12 kutoka karibu tupu ni yuniti kama kumi hivi. Usiku kumi, umeshamaliza mia moja kwa gari peke yake, hujawasha taa wala pasi. Ni kweli kwamba Aprili 2023 EPRA ilianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, tena nafuu zaidi saa ambazo mzigo wa gridi ni mdogo, lakini hiyo inataka akaunti na mita yake, haiingii kwenye mita ya nyumbani.

Basi mpango wa saa una faida gani huko Bomet? Unakuepusha na saa za jioni, wakati kila nyumba imewasha taa na runinga na volti zinashuka. Anza saa sita za usiku, na kwa soketi ya kawaida itachukua kama saa tano, alfajiri umemaliza. Wenye mita ya tokeni wahesabu mapema. Tokeni ikiisha saa nane za usiku kuchaji kunakatika, na simu haitakuamsha, kwa maana haijaungana na gari.

Nirudi kwenye zile programu za laini, kwa sababu nazo zinafika bandarini. Prius za kuchomeka na magari mengine mapya ya Japan yana kifaa chenye laini ndani. Kifaa hicho kilisajiliwa kwa mtandao wa Japan na akaunti ya mtu wa Japan. Kikivuka bahari, kinakuwa chuma tu. Hata wanaoishi huko huko ambako huduma ipo hawana uhakika wa milele: Aprili 2024 Nissan ilisitisha programu ya Leaf za zamani nchini Uingereza kwa sababu vifaa vyake vilitegemea mtandao wa 2G unaozimwa. Kwa hiyo ile waifai ya Outlander, ambayo mwalimu aliidharau, ina heri yake. Haitegemei ruhusa ya mtu aliye mbali.

Ila ina mlango wazi, na hili ndilo ningependa kila mwenye gari hilo alisome mara mbili. Mwezi Juni 2016 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa kampuni ya Pen Test Partners ya Uingereza walitangaza kwamba wameivunja. Jina la waifai ya gari huanza na neno REMOTE na tarakimu na herufi chache nyuma yake, hivyo yeyote anayepita na simu anajua hapa pana Outlander. Nywila yake ilikuwa fupi mno. Kwa kompyuta zenye nguvu waliipata kwa muda wa chini ya siku nne. Wakishaipata, waliwasha taa, walibadilisha mpango wa kuchaji, waliwasha hewa ili kumaliza betri, na baya kuliko yote, walizima king'ora cha wizi. King'ora kikizimwa, kuvunja kioo ni kazi ya jiwe moja na kelele ya sekunde moja.

Sisemi wezi wa mabonde ya chai wana kompyuta za namna hiyo. Ila nywila yenyewe imeandikwa kwenye kikaratasi kilichowekwa pamoja na kitabu cha gari. Kikaratasi hicho kimepita kwa mwenye gari wa Japan, kwa mnada wa huko, melini, bandarini, yadini, kwa dereva aliyelipeleka gari bara. Ni mikono mingapi hiyo? Picha moja ya simu inatosha, wala huhitaji siku nne.

Kwa hiyo ukiwa bado yadini, kabla hujatoa pesa, ulizia mambo haya. Kikaratasi cha waifai kipo? Kama hakipo, hesabu kwamba programu huna, na bei ishuke kwa hilo. Gari lina hita ya umeme? Fungua mipangilio ya waifai kwenye simu yako mkiwa kando ya gari, muone kama jina la REMOTE linatokea, maana si kila toleo lilifungwa kifaa hicho. Waya wa kuchaji nao uutazame: wa Japan una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, na fundi wa umeme aibadilishe vizuri, si kwa ekstensheni ya mia mbili ya barabarani inayoyeyuka usiku.

Na kama umeshanunua na huitumii programu, izime. Ushauri uliotolewa mwaka 2016 ni kuondoa usajili wa simu zote kwa kutumia programu yenyewe, kwenye sehemu ya kufuta usajili wa namba ya gari. Ukishafuta, waifai inalala, na haiamki mpaka mtu abonyeze rimoti ya ufunguo mara kumi. Mwalimu nimemwambia afanye hivyo kwanza, kisha ajisajili upya kwa simu yake peke yake, kwa sababu hajui nani amebaki amesajiliwa humo tangu Japan.