Msomaji Anayeishi Kichwani mwa Mhariri

Katika kikao cha asubuhi cha wahariri kuna mtu mmoja anayetajwa kila mara ingawa hajawahi kukanyaga chumbani humo. "Hili msomaji hatalielewa." "Msomaji amechoka na habari za bajeti." "Msomaji wetu anataka mpira." Anatajwa kama jirani wa siku nyingi, na akishatajwa mjadala huisha, kwa kuwa hayupo wa kuulizwa. Kwa zaidi ya miaka 70 watafiti wamekuwa wakiingia katika vyumba vya habari na kujiuliza mtu huyu ametoka wapi.

Mmoja wa mwanzo kabisa alikuwa Mmarekani David Manning White. Mwaka 1949 alimwendea mhariri wa gazeti la asubuhi katika mji mmoja wa viwanda, gazeti lililouza nakala zipatazo 30,000, ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua habari zilizotumwa na mashirika ya habari. White alilificha jina lake, akamwita Bwana Gates, yaani Bwana Malango. Alimwomba jambo dogo: kwa wiki moja asitupe hata karatasi moja ya habari aliyoikataa. Kila usiku baada ya zamu, Bwana Gates alikaa na rundo lake na kuandika kwenye kila karatasi kwa nini hakuitumia. White alipopima, kati ya yote yaliyoingia, takriban sehemu moja tu ya kumi ilikuwa imefika gazetini. Sababu nyingine zilikuwa za kawaida: nafasi imejaa, habari imechelewa. Nyingine zilikuwa za Bwana Gates mwenyewe. Hii ni propaganda. Hii inachosha. Habari za watu kujiua sizipendi. Makala ya White ilichapishwa mwaka 1950, na hitimisho lake ni kwamba uchaguzi wa habari ulielemea sana kwenye uzoefu, mielekeo na matarajio ya mtu huyo mmoja.

Wazo la lango White alilipata kwa mwalimu wake, mwanasaikolojia Kurt Lewin, na Lewin hakuwa akichunguza magazeti. Alikuwa akifuatilia chakula: kinavyotoka dukani au bustanini, kinavyopita jikoni, hadi kinafika mezani, na nani katika kila hatua ana mamlaka ya kusema hiki kipite na kile kibaki. Naipenda sana asili hii ya jikoni, maana inatuonyesha pia pale ambapo mfano wa lango unapungukiwa. Mama anayepika huziona sahani zikirudi. Anajua mtoto yupi ameacha mchicha, nani amekomba sufuria. Bwana Gates alipakua kila siku bila kuona sahani hata moja ikirudi.

Kama hakuongozwa na mlaji, aliongozwa na nani? Jibu lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka kwa mwanafunzi. Warren Breed alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uzamivu wa sosholojia. Alizungumza na wanahabari wapatao 120, akitaka kujua mwandishi mgeni anajifunzaje msimamo wa gazeti. Aligundua kwamba hakuna anayemfundisha. Anasoma gazeti lake mwenyewe kila siku, anaona aya ipi imekatwa, anamsikia mhariri akiguna, na baada ya muda anajua bila kuambiwa. Katika makala yake ya mwaka 1955 Breed alisema jambo ambalo hadi leo linauma: tuzo anazozitafuta mwanahabari hazitoki kwa wasomaji, ingawa ndio anaodai kuwatumikia, bali kwa wenzake na wakubwa wake. Yeyote aliyewahi kuleta habari yake ya kwanza mezani kwa mhariri anajua macho yake yalikuwa wapi wakati inasomwa.

Wengine walifuata njia hiyohiyo, na kila mmoja alikaa muda mrefu zaidi ya mgeni wa kawaida. Philip Schlesinger aliingia katika vyumba vya habari vya BBC mjini London miaka ya 1970 kwa ajili ya uzamivu wake, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1978 aliieleza hadhira kama kiungo kinachokosekana kwenye mnyororo. Mwaka uliofuata Herbert Gans, profesa aliyekuwa ameshinda kwa miezi katika CBS, NBC, Newsweek na Time, aliandika kwamba alishangaa kuona jinsi wanahabari walivyoijua hadhira yao kidogo tu, na jinsi walivyoyakataa maoni iliyowatumia. Waliandika kwa ajili ya wakubwa wao na kwa ajili yao wenyewe.

Halafu sahani zikaanza kurudi zote kwa mpigo. Leo programu inaweza kumwonyesha mhariri, dakika kwa dakika, wangapi wako kwenye habari ipi, wameingilia wapi, wamefika aya ya ngapi. Wengi wetu tulidhani suala la msomaji asiyejulikana limekwisha. Waliotuonyesha kwamba halijaisha ni wanafunzi wa uzamivu tena.

Caitlin Petre, akiwa Chuo Kikuu cha New York, alifanya utafiti ndani ya kampuni ya Chartbeat inayotengeneza programu ya namna hiyo, na pia katika vyumba viwili vya habari vilivyokuwa na takwimu hizo. Katika kimoja, cha kampuni ya tovuti ya Gawker, kulikuwa na skrini kubwa iliyopanga habari kwa wingi wa wasomaji, kila mtu akiiona, na waandishi walisimulia jinsi ilivyokuwa vigumu kubandua macho. Katika kingine, cha gazeti la New York Times, wakati huo waandishi wengi hawakuruhusiwa kuziona takwimu; zilikaa kwa wahariri, nao walizitumia pale zilipowafaa. Ripoti yake ilitoka mwaka 2015.

Angèle Christin alikwenda mbali zaidi. Kwa uzamivu wake wa Princeton na Paris alilinganisha tovuti mbili za habari, moja New York na nyingine Paris. Tungetarajia Wamarekani ndio wawe watumwa wa kubofya, na Wafaransa, wenye fahari ya uandishi wa fikra, wazipuuze namba. Alikuta kinyume chake. New York wahariri walizifukuzia namba huku waandishi wakiendelea na kazi zao, kwa sababu mipaka ya majukumu ilikuwa wazi. Paris namba ziliingia moyoni mwa kila mtu, kwa kuwa huko mwandishi anajiona kama sauti inayouhutubia umma, na mibofyo ilisomeka kama kura za umma huo. Namba zilikuwa za aina moja. Msomaji aliyeonekana nyuma yake alikuwa tofauti, kwa kuwa kila chumba kilikuwa na msomaji wake hata kabla mashine haijafungwa.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii ina pengo kubwa zaidi. Gazeti moja kwenye kijiwe cha kahawa husomwa kwa sauti, likajadiliwa na watu kumi, kisha likaenda kinyozi. Picha ya ukurasa wa mbele huzunguka katika makundi ya WhatsApp bila yeyote kubofya tovuti. Hao wote ni wasomaji, na skrini haimwoni hata mmoja wao.

Pale mtafiti alipokwenda kukaa na hadhira yenyewe, alikuta watu wenye mipango yao. Florence Brisset-Foucault, Mfaransa, alichunguza ebimeeza za Uganda: mijadala ya redio iliyofanyika hadharani, wananchi wakipanga foleni kuhutubia, jina lake likitokana na neno lilelile letu la meza. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2009, baada ya ghasia za Kampala mwezi Septemba. Nje ilisifiwa kama sauti ya wanyonge. Yeye aliona pia kanuni za uzungumzaji, ushindani wa nani anastahili kusema, fahari ya elimu, na vijana waliolitumia jukwaa kutafuta njia ya siasa. Hadhira ya namna hiyo haiingii kwenye jedwali la asilimia.

Ndiyo maana nasikitika ninapofungua tasnifu za uzamili kuhusu vyombo vya habari nikakuta, moja baada ya nyingine, hojaji zilizogawiwa kwa wahariri. "Je, maoni ya wasomaji huathiri uamuzi wako? Sana, kiasi, kidogo." Mhariri gani ataandika kidogo? Nawaelewa wanafunzi. Muda ni mfupi, fedha hakuna, kibali cha utafiti kinachukua wiki, na wahariri wengi hawataki mtu akae pembeni na daftari. Lakini hojaji humuuliza mhariri kuhusu msomaji wa kichwani mwake, kisha jibu hilo linaandikwa kana kwamba limetoka kwa msomaji wa kweli.

Mwanafunzi asiye na miezi sita ya kukaa uwandani anaweza kuazima wiki moja ya White. Habari zinazokataliwa siku hizi haziko kwenye karatasi. Ziko katika simu ya mhariri wa mikoani, kwenye kundi ambamo wawakilishi kutoka Kigoma, Mtwara na Simiyu hutuma picha, sauti na aya tatu tatu tangu alfajiri, na nyingi hazijibiwi. Amwombe mhariri huyo asifute chochote kwa siku saba. Kila jioni wakae pamoja nusu saa, wapitie kila ujumbe ambao haukutumika, na mhariri aseme kwa nini. Kila atakaposema "msomaji," mwanafunzi aandike neno hilo na tarehe, kisha amuulize: msomaji yupi?