Dola 49 za shada la mlangoni? Thubutu! Fungua sanduku la masalia

USIOMBE yakukute, mshikaji wangu. Umetoka kubeba boksi usiku kucha, mgongo unauma kama umepigwa virungu na mgambo, unafika nyumbani alfajiri, na binti yako wa miaka saba anakupokea kwa swali: "Baba, mbona mlango wetu hauna kitu?"

Hapa ni Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, Marekani, na mwezi wenyewe ni Oktoba. Sisi wa Bongo tukisikia vuli tunafikiria mvua na madimbwi ya Jangwani. Huku vuli ni msimu wa majani kupukutika. Baridi ikianza na siku zikifupika, ile rangi ya kijani ndani ya jani inavunjika, njano iliyokuwa imejificha chini yake inatokeza, na miti mingine inatengeneza nyekundu juu yake. Ukitazama barabarani utadhani mtu ametandaza vitenge juu ya miti.

Basi wenyeji nao wanageuza nyumba zao zifanane na miti. Mlangoni shada la majani, kwenye ngazi maboga, pembeni mabua ya mahindi yamefungwa kama mtu anataka kulisha ng'ombe. Mambo yanaanza Septemba, yanapita Halloween ya Oktoba 31, na kufika Alhamisi ya nne ya Novemba, ile sikukuu ya Thanksgiving ambapo bata mzinga wanakiona cha moto.

Korido yetu ina milango sita. Mitano ilikuwa imepambwa. Wa sita ulikuwa na kandambili zangu.

Mama watoto alishapita dukani kuuliza bei. Shada moja, dola 49. Wiki hiyo hiyo ghala ninalofanyia kazi lilikuwa limetupunguzia masaa, na fedha za dawa za presha za mama kule Tanga zilikuwa hazijaenda. Nyumbani nako si unajua tena, wanaamini huku noti zinaokotwa chini kama hayo majani.

"Hiyo ni dawa ya mama," nikasema.

"Na huyu mtoto je? Kila siku apite milango ya wenzake tu?"

Tukalala mzungu wa nne.

Jumamosi nikaamua niende mwenyewe nikaone hicho kinachouzwa bei hiyo. Jamani! Kilichonimaliza ni gunia. Gunia hili hili la juti, la viazi na mkaa, linakatwa na kuuzwa kwa yadi, eti linaipa sebule sura ya shamba. Mabua makavu nayo yana bei. Nikacheka peke yangu hadi mlinzi akaanza kunifuata nyuma nyuma.

Lakini pale pale ndipo akili ikanijia. Mapambo haya yote ni nini hasa? Ni makapi ya mavuno! Mkulima amevuna, amebaki na mabua, nyasi na maboga ya ziada, akayapanga mlangoni. Kusini mwa Columbus kuna mji mdogo unaitwa Circleville, ambako kila Oktoba hufanyika maonyesho ya maboga yanayojaza watu mitaa mizima, na maboga yenyewe mengine yanazidi kilo 500. Maonyesho hayo yalianzaje? Mwaka 1903 meya wa mji, George Haswell, alipanga mabua ya mahindi na maboga, mengine yamechongwa sura za watu, mbele ya ofisi yake. Basi. Hakununua shada.

(Na msije mkadhani maboga na mahindi ni ya kwetu toka enzi za Adamu. Asili yake ni huku Amerika, yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Yule yule ambaye mji wetu umebeba jina lake.)

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. "Mama watoto, lete lile sanduku."

Kila mwanamke mwenye cherehani analo sanduku hilo. La kwetu liko uvunguni. Lilikuwa na vipande vya vitenge vya sare za harusi za koo mbili, sufu ya sweta lililoishia kwenye mkono mmoja, riboni za Krismasi, vifungo visivyo na ndugu, na mipira ya povu jeupe ambayo binti alitengenezea sayari kwa ajili ya shule. Juu kabisa kulikuwa na vitambaa vya bei ya kutupa alivyozoa pale JOANN walipokuwa wanafunga. Kwa wasiojua, hiyo ni kampuni ya maduka ya vitambaa iliyoanzia Cleveland, humu humu Ohio, mwaka 1943. Ilifilisika na mwaka 2025 ikafunga maduka yake yote, karibu 800. Akina mama wa cherehani walilia kama wamefiwa.

Tukaanza na shada, maana mlango ndio uliokuwa unatuumbua. Chukua henga ya waya, ile unayopewa na dobi, uivute iwe duara. Kata vitambaa vipande vya sentimita 3 kwa 15. Usihangaike na pindo, nyuzi zikichomoza ndio uzuri wenyewe. Kila kipande kifunge fundo moja kwenye waya, kisha visukume vibanane. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa: utafunga vipande 50 na waya bado unaonekana. Endelea. Letu lilimeza zaidi ya 150. Rangi ni kahawia, njano ya haradali, nyekundu iliyoiva na chungwa. Kijani weka kidogo tu, ukizidisha utakuwa umerudi Krismasi.

Chungwa ndiyo iliyotukwamisha. Nikaona kwenye sanduku kanga safi ya rangi hiyo, imekunjwa vizuri, nikainyanyua na mkasi mkononi. Mama watoto alinishika mkono bila kusema neno. Ilikuwa kanga ya marehemu mama yake. Nikairudisha ilipokuwa. Chungwa yetu ikatoka kwenye vipande vya sare ya harusi ya binamu yangu, ambaye ndoa yenyewe haikumaliza miaka miwili, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Zamu ya mezani sasa. Boga la kitambaa ni rahisi mpaka aibu. Tandaza kitambaa cha mraba, kila upande sentimita 50 hivi. Katikati simamisha roli ya karatasi za chooni, ndiyo, usicheke. Nyanyua kitambaa kidogo kidogo kuzunguka roli na kusokomeza ncha zake ndani ya lile tundu. Tundu lizibe kwa kijiti cha mti kiwe kikonyo. Hakuna uzi, hakuna gundi, na msimu ukiisha roli inarudi kazini kwake.

Hayo maboga madogo ni kazi ya binti. Sayari zake alizizungushia uzi na kuubana mpaka povu likaingia ndani, ndiyo ile mistari ya boga, halafu akapaka rangi ya maji na kuchomeka karafuu moja juu iwe kikonyo. Mimi kwa kujifanya mjuaji nikachukua Sumbula, ile sayari kubwa kuliko zote, nikaipulizia rangi ya kopo. Ikaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu! Kumbe dawa iliyomo kwenye rangi ya kopo inakula povu. Binti alinuna hadi chakula cha jioni. Tumieni brashi, washikaji.

Majani hayauzwi, yako chini ya mti. Okota yaliyoanguka leo, yakiwa bado laini. Yabane ndani ya kitabu kizito kwa wiki moja, au yaweke katikati ya karatasi mbili za nta na kupitisha pasi ya moto mdogo juu ya taulo. Ukitaka yabaki yanalainika hata mwakani, yaloweke siku kadhaa kwenye glisarini, ile ile ya kupaka mwili, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji. Rangi zinakolea kidogo na kwenda kwenye kahawia, ila hayavunjiki.

Mambo mawili kwa mlioko kwenye fleti kama sisi. Msumari mlangoni ni kesi na mwenye nyumba: pitisha riboni juu ya mlango na uibandike kwa ndani. Na mshumaa usiusogeze karibu na vitambaa na majani makavu hata kwa picha moja tu, tumieni vitaa vya betri.

Jumapili usiku shada likapanda mlangoni. Kandambili zikahamia ndani. Jumatatu asubuhi nikapanga foleni, nikatuma dola 49 kamili Tanga, na ada ya kutuma nikaikopa kwenye kopo la sarafu la binti. Bado ananidai.

Siku ya tatu yake akabisha hodi bibi wa mlango wa pili, Mmarekani mzee anayeishi peke yake. Mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Anauliza: hayo maua ya kitambaa tumenunua wapi? Mama watoto akamwambia ni masalia ya harusi zetu. Bibi akaomba atengenezewe moja, akataja na bei. Mama watoto akakataa fedha, akamwuliza kama ana vitambaa asivyovihitaji.

Bibi alirudi na mifuko mitatu, maana alikuwa mshonaji na macho yamekataa. Sanduku halifungi tena, na uvunguni mimi sina pa kuweka viatu.