Aliyepasuliwa Akesha na Nani?

Gari la wagonjwa likitoka Bwera, wilayani Kasese, Uganda, kwenda rufaa Fort Portal hukata kona Kikorongo, likapita Muhokya penye chokaa, likaingia mji wa Kasese. Na hapo bado kilomita zipatazo 75. Mgonjwa akiwa hawezi kupumua mwenyewe, muuguzi humbinyia mpira wa hewa: binya, achia, hesabu, binya. Mkono mmoja ukifa ganzi, hushika kwa mwingine.

Wilaya hii inakijua kisu cha dharura. Kati ya mwisho wa 2007 na Julai 2009, wachunguzi wa mlipuko wa homa ya matumbo Kasese walihesabu wagonjwa 577. Utumbo ulitoboka kwa 249, na watu 47 walifariki. Utumbo ukishatoboka, vidonge havitoshi: tumbo hufunguliwa, uchafu ukaoshwa, tundu likashonwa. Kisha huja usiku wa kwanza, presha inaposhuka, mkojo unakauka na pumzi zinaanza kukimbia.

Usiku huo mgonjwa ni wa nani? Madaktari wengi wa upasuaji husema, niliyempasua ni wangu. Nawaheshimu kwa hilo, maana wao ndio walioona hali ya tumbo lile. Lakini daktari huyohuyo ameshaitwa tena, kuna mama amekwama kujifungua. Hawezi kushika kisu huku na kupima presha kule kila robo saa.

Njia nyingine ilionekana Copenhagen, mwaka 1952: polio ilipokuwa ikiwanyima watu pumzi, Bjørn Ibsen, daktari wa nusu kaputi, aliitwa wodini. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu kubinya mpira kwa mkono, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Desemba 1953 Ibsen akafungua chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa hiyo nasema wazi: kitanda cha mahututi kiwe chini ya mtaalamu wa pumzi na dawa aliyepo hapo hapo. Mpasuaji aje asubuhi na jioni, na kidonda kikigeuka aitwe kabla ya mwingine yeyote. Tatizo ni kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta Uganda nzima ilikuwa na vyumba 12 tu vya mahututi vilivyokuwa vikifanya kazi, vitanda 55. Huko Bwera, basi, tuanze na dogo: faili liandikwe jina la anayekesha. Saa tisa za usiku, ndugu wa mgonjwa akitoka mbio koridoni, ajue mlango wa kugonga.