Maneno Mafupi Yanayomtega Mwanafunzi wa Sayansi

Asubuhi, katika somo la biolojia, "cell" ni chembe hai yenye utando, ute na kiini. Baada ya mapumziko, katika somo la fizikia, "cell" hiyohiyo ni betri ya tochi yenye ncha chanya na ncha hasi. Jioni, kwenye taarifa ya habari, kuna mshukiwa aliyelala "cell" kituoni. Mwanafunzi wa sekondari mjini Embu hukutana na maana hizo zote kwa siku moja, katika lugha ambayo mara nyingi ni ya tatu kwake, baada ya Kiembu au Kimbeere na Kiswahili.

Zote zilitoka kwenye neno moja la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gamba la mti linalotumika kutengenezea vizibo vya chupa, akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akavipa jina hilo. "Nucleus" nalo, kwa Kilatini, lilikuwa kiini cha kokwa. Robert Brown alilitumia mwaka 1831 kutaja kiini cha seli ya mmea, na katika miaka ya 1910 Ernest Rutherford akalipeleka katikati ya atomu. Mtoto anayechanganya viini hivyo viwili si mzembe. Amepewa neno moja kwa kazi mbili, na hakuna aliyemwambia.

Wazazi wengi hudhani kinachowashinda watoto ni yale maneno marefu yanayovunja ulimi. Utafiti unaonyesha vingine. Mwaka 1972 Paul Gardner alichapisha matokeo ya wanafunzi wa Australia, na mwaka 1985 Cassels na Johnstone wakachapisha ya Uingereza. Wote walikuta kwamba maneno ya kawaida yanayotumiwa ndani ya sayansi huwakwamisha wanafunzi wengi, hata wale waliozaliwa na Kiingereza. Ikiwa mtoto wa Glasgow anajikwaa hapo, wa Siakago, huku Embu, anahitaji msaada mkubwa zaidi, na msaada huo haupatikani kwa kukariri orodha.

Neno refu lina faida moja: linafunguka. "Photosynthesis" ni vipande vya Kigiriki, "nuru" na "kuweka pamoja": mmea unaunganisha maji na hewa ya ukaa kwa nguvu ya nuru. "Chlorophyll" ni kijani na jani. Ukishajua kwamba "phyte" ni mmea, "hydro" ni maji na "xero" ni ukavu, kaunti ya Embu yenyewe inakuwa kitabu. Juu karibu na msitu wa Mlima Kenya kuna majani chai, katikati kuna kahawa, na chini Mbeere ardhi ni kavu, mimea ina miiba, majani madogo au mashina yaliyojaa maji. Hiyo ya chini ndiyo "xerophyte", na mtoto wa Kiritiri amekuwa akichunga mbuzi katikati yake tangu utotoni.

Majina ya kisayansi ya miti nayo si Kiingereza, ingawa hufundishwa kana kwamba ni Kiingereza kigumu. Mukinduri, unaopandwa mipakani mwa mashamba, unaitwa Croton megalocarpus. Sehemu ya kwanza ni neno la Kigiriki la kupe, kwa sababu mbegu za jamii hiyo ya miti hufanana na kupe. Ya pili inasema tunda kubwa. Maseremala huuza mbao za "Meru oak", na mnunuzi anaweza kudhani ni mti wa Ulaya. Mti huo hauna undugu na mwaloni wa Uingereza. Jina lake ni Vitex keniensis, yaani wa Kenya, nao umeota miaka na mikaka kwenye miteremko ya Mlima Kenya.

Maneno mafupi hayafunguki hivyo. Chukua "work". Msimu wa kahawa, mkulima wa Runyenjes anasimama foleni kiwandani akiwa na gunia la kilo 50 begani. Jasho linamtoka, shingo inamuuma, na atakayemwambia kwamba hafanyi kazi atakuwa amemkosea heshima. Kwa fizikia, lakini, kazi hupatikana kwa kuzidisha kani ("force") kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Gunia halijapanda wala kushuka, kwa hiyo kazi iliyofanywa juu yake ni sifuri, ijapokuwa misuli inaunguza chakula kwa kasi. Akiliinua kutoka chini hadi kwenye pikapu, mita moja juu, amefanya kazi ya jouli 500, kwa hesabu ya shuleni inayochukua mvuto wa dunia kuwa newtoni 10 kwa kila kilo. Akitumia sekunde 2, "power" yake ni wati 250. Mwenzake aliyechukua sekunde 5 amefanya kazi ileile kwa wati 100.

Hizo kilo 50 nazo, karani wa mizani huziita uzito. Mwalimu wa fizikia huziita "mass", na "weight" ya gunia hilo ni newtoni 500.

Nyumbani, "power" ni stima. Mto Tana, mpakani mwa Embu na Machakos, una bwawa la Gitaru ambalo mitambo yake ina uwezo wa megawati 225, maana yake jouli milioni 225 kila sekunde ikifanya kazi kikamilifu. Lakini uniti unazonunua kwa tokeni si "power" hata kidogo. Uniti moja ni kilowati-saa, yaani jouli milioni 3.6 za nishati. Mwalimu akiwa na tokeni ya stima mkononi anaweza kueleza tofauti hiyo kwa dakika tano, na darasa zima likaielewa.

Kiswahili cha mtaani hakisaidii sana hapa, kwa kuwa "nguvu" hubeba mzigo wote: msukumo, uwezo, hata stima. Kiswahili cha sayansi kinasaidia, nacho kipo. Tanzania imefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kani, nishati, tungamo ("mass"), kanieneo ("pressure"), usanisinuru ("photosynthesis"): kila neno na kazi yake. Nchini Kenya, tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu, mwelekeo umekuwa lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza. Mitihani ya sayansi ya sekondari ni ya Kiingereza na hilo halibadiliki kesho, lakini hakuna mtihani unaomkataza mwalimu kusema "kani" wakati anaeleza "force". Walimu wanaofanya hivyo wanastahili kuungwa mkono.

Tena kuna maneno ya swali lenyewe, ambayo mara nyingi hayamo katika faharasa ya kitabu. "State" linataka jibu fupi bila sababu. "Describe" linataka kinachoonekana, hatua kwa hatua. "Account for" linataka sababu, wala halihusu hesabu za fedha. Tuseme mahindi yamenyauka adhuhuri na kusimama tena jioni. Kwa "describe", mwanafunzi aandike kwamba majani yalilegea na kujikunja jua lilipokuwa kali, kisha yakanyooka. Kwa "account for", aandike kwamba maji yalitoka majanini kwa kasi kubwa kuliko mizizi ilivyoyafyonza, seli zikapungukiwa na maji na kulegea, na jua liliposhuka mizizi ikafidia. Akiweka jibu la kwanza chini ya swali la pili, kila alichoandika ni kweli, lakini msahihishaji hana pa kumpa alama.