Kisu cha Springi na Moto Unaokipa Makali

Springi ya gari, yale mabapa yaliyopinda yanayobeba uzito wa lori juu ya ekseli, ni chuma chakavu kinachofaa sana kutengenezea kisu cha jikoni. Ina kaboni inayokaribia asilimia 0.6, pamoja na kiasi kidogo cha manganizi na ama kromi ama silikoni. Kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha chuma kukaza. Nondo ya kujengea haina kaboni ya kutosha: hata ikichomwa na kuzamishwa kwenye maji au mafuta mara ngapi, makali yake yatalala mara tu yakikutana na mfupa.

Kazi hii ya kufua visu si ngeni Bukundi, katika wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, upande wa bonde la Eyasi, kwenye ukanda wa wafugaji ambako uhunzi una mizizi mirefu. Wataturu, ambao hujiita Wadatoga, wana ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, unaofua mikuki, visu na vichwa vya mishale. Hata Wahadzabe wawindaji wamekuwa wakipata vyuma vyao kutoka kwa jirani hao. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria historia inarudi nyuma zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba huko Buhaya watu walizalisha chuma chenye kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. 

Springi kuukuu huweza kuwa na nyufa nyembamba zisizoonekana kwa haraka, hivyo kipande huchaguliwa kwa uangalifu. Hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kisha hufukiwa kwenye jivu kavu kipoe usiku kucha. Asubuhi kinakuwa laini, kinakubali tupa na msumeno. Kisu kikishafuliwa na kuchongwa, upande wa makali huachwa na unene wa kama milimita 1, kwa sababu makali membamba hupinda au kupasuka wakati wa kuzamishwa. Halafu huchomwa na kuachwa kipoe hewani, mara tatu, ili chembe za ndani zilizovurugwa na nyundo zijipange upya na kuwa ndogo.

Sasa ndipo kazi ya kukaza inapoanza, na inafaa kufanyiwa kivulini. Kwenye jua la Meatu wekundu wa chuma hufifia machoni, na mhunzi huzidisha moto bila kujua. Moto uliozidi hukuza chembe, na kisu hubaki dhaifu hata kikiwa kigumu. Kipimo cha kuaminika ni sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu: chuma huacha kunata kwenye nyuzi joto 770 za Selsiasi. Hapo huongezewa joto kidogo, hadi nyuzi 830 au 840, wekundu unapoelekea rangi ya chungwa, na kushikiliwa hapo hadi rangi ilingane ubapa mzima.

Maji hupoza kwa kasi mno na huweza kukipasua chuma hiki. Yanayofaa ni mafuta ya kula, ya pamba au ya alizeti, yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 ili yawe mepesi. Oili chafu ya gari haifai. Moshi wake una sumu. Kisu huzamishwa wima, bila kuyumbishwa kando, chote kwa mara moja. Mfuniko wa bati uwe karibu, maana mafuta yakishika moto hufunikwa, wala hayamwagiwi maji. Kazi ikifaulu, tupa huteleza juu ya makali bila kuyauma.

Kisu hicho kigumu bado hakifai kutumika: kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika kama kioo. Hatua ya kukilegeza ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayostahili subira kuliko zote. Ubapa hung'arishwa kwa msasa, kisha hupashwa taratibu kwenye oveni, au ndani ya sufuria la mchanga juu ya mkaa, hadi kama nyuzi 200, kwa saa moja hadi mbili. Kikipoa, hurudiwa tena. Ugumu hupungua kidogo tu, lakini chuma hupata ustahimilivu mwingi. Rangi huonyesha njia: manjano hafifu ya majani makavu yanafaa kisu cha jikoni; kahawia maana yake joto limepita kiasi; bluu, karibu nyuzi 300, inafaa springi yenyewe, si makali.

Baada ya hapo hutiwa mpini na kunolewa kwenye jiwe lenye maji. Mashine ya kunolea huweza kuyachoma makali kwa muda mfupi sana. Yakigeuka bluu, ugumu umeondoka. Kama sehemu hiyo haisagiki yote bila kuchomwa tena, kisu hurudishwa motoni kukazwa upya.